Mwacheni Msafiri na Klachi Yake

Siku hizi imezuka hoja vijiweni, kuanzia Omurushaka hadi Kayanga, nami nimeisikia mara nyingi kiasi cha kushindwa kunyamaza. Hoja yenyewe ni kwamba pikipiki yenye klachi ya mkono imepitwa na wakati. Vijana wetu walioko miji mikubwa na ng'ambo wanatuma picha za mapikipiki makubwa ya safari ambayo upande wa kushoto wa usukani hayana mkono wowote wa kubana. Gia zinajibadilisha zenyewe. Kazi ya mwendeshaji ni kuongeza mafuta na kushika breki. Basi anayebaki na klachi yake anaitwa mshamba, mtu wa kale, mtu anayesaga karanga kwa jiwe ilhali mashine iko jirani. Mimi napinga. Napinga kwa kalamu, kwa sababu kijiweni sisi wazee tunaheshimiwa sana lakini hatusikilizwi.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba huyu ni mzee mwingine anayelilia ujana wake. Sipingi jambo kwa kuwa ni jipya. Nimefundisha watoto hesabu kwa vijiti na nimewafundisha kwa kikokotoo, na sikuona kikokotoo kikimharibu mtoto aliyekwisha kujua kujumlisha. Ninachodai ni kimoja tu: msafiri achague chombo ambacho kikimharibikia njiani, yeye mwenyewe au fundi wa karibu anaweza kukifungua, kukielewa na kukirudisha barabarani. Kwa kipimo hicho, katika nchi yetu ya vilima na udongo mwekundu, klachi ya mkono bado inaishinda ile inayoendeshwa na kompyuta. Haya mengine yote ni maelezo ya dai hilo.

Tuanze na somo lenyewe, maana wengi wanaobishana juu ya klachi hawajui kazi yake. Injini ya mafuta haiwezi kuanza kuvuta ikiwa imesimama. Lazima iwe inazunguka tayari. Gurudumu la nyuma nalo limesimama. Ukiviunganisha ghafla vitu viwili, kimoja kinazunguka na kingine kimetulia, ama injini itazima ama pikipiki itaruka kama mbuzi. Klachi ndiyo mpatanishi. Ni sahani kadhaa zilizopangwa pamoja na kubanwa kwa springi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unalegeza springi, sahani zinaachana, injini inazunguka peke yake. Ukiachia polepole, sahani zinasuguana, zinashikana kidogo kidogo, na gurudumu linaanza kwenda. Ni hayo tu. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyaelewa kwa kutumia sahani mbili za bati na mkono wake mwenyewe.

Sasa wapo wanaosema kuondoa mkono wa klachi ni uvumbuzi wa jana. La hasha. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Soichiro Honda alikuwa fundi, na mwenzake Takeo Fujisawa alikuwa mtu wa biashara. Wazo lao, kama linavyosimuliwa mpaka leo, lilikuwa kwamba mchukuzi wa tambi mjini aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika sinia la chakula. Kwa hiyo waliondoa mkono wa klachi, lakini klachi yenyewe ilibaki ndani. Waliweka vyuma vidogo ambavyo injini ikizunguka kasi vinakimbilia nje, kama maji yanavyorushwa na ndoo inayozungushwa, na vikikimbilia nje vinabana sahani. Injini ikipoa, vinarudi na sahani zinaachana. Gia ulibadilisha kwa mguu, na kanyagio hilohilo liliachanisha klachi kila ulipolikanyaga. Kufikia 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 duniani.

Pikipiki za namna hiyo tumezijua huku kwetu. Wakunga wamezipanda, makatekista wamezipanda, na walimu pia, mimi nikiwamo. Nilikuwa nabeba mitihani kwenye begi la turubai na chaki kwenye kapu la mbele. Hazikuwa na mbio wala makuu. Lakini zilifunguliwa kwa spana chache chini ya mparachichi, sahani zikatolewa, zikafutwa, zikarudishwa, na mwalimu akawahi mkutano wa wazazi. Ninalitaja hili ili msomaji aone kwamba ugomvi wangu hauko kati ya mkono wa klachi na kutokuwepo kwake. Pikipiki isiyo na mkono wa klachi inaweza kuwa chombo chema kabisa cha kijijini. Ugomvi wangu uko kati ya chombo kinachofunguka na kile kilichofungwa kwa siri.

Maana hawa wa sasa ni wa namna nyingine. Mwaka 2006 Yamaha ilitoa pikipiki ya safari ndefu, FJR1300, ya aina ambayo klachi yake inavutwa na mota ndogo kwa amri ya umeme. Mwaka 2010 ikaja Honda VFR1200F yenye klachi mbili: moja inahudumia gia ya 1, ya 3 na ya 5, nyingine inahudumia ya 2, ya 4 na ya 6, na kompyuta inabadilishana kati yake upesi kiasi kwamba mpanda pikipiki hahisi mkatiko. Mwaka 2016 mtambo huo ukawekwa kwenye Africa Twin, pikipiki iliyopewa jina la bara letu, na mwaka 2018 kwenye Gold Wing ikiwa na gia 7. Mwaka 2024 Yamaha na BMW nao wakaingia uwanjani na mitambo yao. Yote hii ni kazi ya akili kubwa. Anayeidharau hajui ugumu wake.

Wala sitaficha faida zake, kwa kuwa hoja inayoficha ukweli wa upande wa pili ni hoja ya mtu mwoga. Pikipiki hizi hazizimi ovyo katika msongamano. Mtu anayetoka Nairobi hadi Mombasa, au Dar es Salaam hadi Mbeya, hachoki kiganja. Abiria wa nyuma hagongi kofia yake kwenye ya dereva kila gia inapobadilika. Aliyepoteza vidole vya mkono wa kushoto anaweza kuendesha. Kwa watu wa barabara za lami, wenye karakana ya kampuni kila mji, mimi sina neno la kuwaambia. Wanunue, na Mungu awape safari njema.

Lakini sisi tuko Kituntu. Lami ilipofika Bugene kutoka Kyaka katika miaka ya 2010, tulifurahi na tulikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo mtu hali lami. Mashamba ya kahawa na migomba yako mbali na lami, wagonjwa wako mbali na lami, shule nyingi ziko mbali na lami. Ukiiacha tu barabara kuu unakutana na mteremko, kisha kijito, kisha mlima, na mvua za Machi hadi Mei zikinyesha udongo wetu unageuka sabuni. Huko ndiko chombo kinakopimwa. Nami nina mashtaka matatu dhidi ya klachi ya kompyuta, nayaleta kwa utaratibu wa kawaida, dogo likitangulia.

Shtaka la kwanza ni la betri. Kila kijana wa Karagwe anajua kwamba pikipiki ikikataa kuwaka, mlima ni stata. Unaiweka gia ya pili, unavuta klachi, unaiachia iteremke, ikishika kasi unaachia klachi, gurudumu linaizungusha injini, inaguruma. Ile ya klachi mbili haikubali mchezo huo. Injini ikizimwa, klachi zake zote mbili zinaachana, gurudumu na injini havina uhusiano, na unaweza kuisukuma mpaka Mutukula isiwake. Ndiyo maana watengenezaji walilazimika kuiwekea breki ya kuegeshea, kwa vile huwezi kuiacha mlimani ikiwa kwenye gia kama tunavyofanya sisi. Haki itendeke: pikipiki yoyote ya kisasa ambayo mafuta yake husukumwa na pampu ya umeme inahitaji chaji kidogo ili iwake, hata kama ina klachi ya mkono. Lakini betri iliyodhoofika bila kufa kabisa, ile isiyoweza kuzungusha stata, inatosha kwa mwenye klachi. Kwa mwenziwe haitoshi.

Shtaka la pili ni la matope. Katika utelezi, klachi ni mkono wa mwendeshaji ulioteremka mpaka ardhini. Anaibana nusu, anaachia robo, anahisi tairi linaanza kuteleza na anaiondoa nguvu kabla hajaanguka. Anaona kwa macho kwamba mita tano mbele kuna jiwe, na baada ya jiwe kuna tope laini, hivyo anatayarisha kiganja mapema. Vihisio vya kompyuta havina macho. Vinajua yaliyokwisha kutokea kwenye gurudumu, na yaliyo mbele havina habari nayo. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Africa Twin ya klachi mbili imewekewa kitufe maalumu cha barabara za kokoto ili klachi ishike kwa haraka zaidi bila kulegalega. Ni hatua njema. Lakini kitufe hicho ni ungamo kwamba barabara ya kokoto ina mahitaji yake, na mtu aliyeko juu ya pikipiki ndiye anayepaswa kuyasema. Isitoshe, mtambo huo uliongeza uzito wa kilo 10 hivi kwenye pikipiki ambayo bila hizo ilikuwa na kilo 232. Muulize aliyewahi kuinua pikipiki iliyolala kwenye tope kilo 10 ni kitu gani.

Shtaka la tatu ndilo kubwa, na kwa ajili yake nimeshika kalamu. Ni shtaka la fundi.

Katika msimu mmoja wa vuli alipita hapa mgeni wa Kizungu, mtu mpole, aliyeingia nchini kwa Murongo na alikuwa anaelekea Rusumo. Pikipiki yake ilikuwa kubwa kama ndama, ya aina ya gia zinazojibadilisha. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa si kusudi langu kumchafulia mtu biashara. Ilimkatalia karibu na shule. Injini ilikuwa inawaka vizuri, betri nzima, mafuta yamo, ila kila alipobonyeza kitufe cha gia, taa ya njano iliwaka na chombo hakikusogea. Fundi wetu aliitwa. Kijana huyo ana sifa. Nimemwona akichonga springi kwa waya wa ua. Aliizunguka ile pikipiki mara tatu, akachuchumaa, akainuka, akafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Akaniambia, "Waitu, Mwalimu, huyu ni mgonjwa asiyesema." Nilimwuliza kama hawezi hata kujaribu. Akajibu, "Nikifungua nitaona nini, Mwalimu? Hapa panatakiwa kompyuta ya kampuni iulize kompyuta ya pikipiki. Mimi si mmoja wao." Siku ya tatu ile pikipiki ilipandishwa kwenye Fuso la maharage na mwenyewe akakaa mbele na dereva.

Wiki hiyohiyo kijana wa bodaboda alikatikiwa na waya wa klachi akitoka kumpeleka mjamzito hospitali ya Nyakahanga. Unajua alifikaje nyumbani? Alisukuma, akairukia, akakanyaga gia ya kwanza, akapanda mlima bila klachi akibadilisha gia kwa kusikiliza sauti ya injini. Fundi yuleyule aliyeshindwa na taa ya njano alimwekea waya wa breki ya baiskeli usiku huo, na asubuhi kijana alikuwa kazini. Waya wa klachi uliokatika ulimgharimu bei ya chakula cha mchana. Taa ya njano ilimgharimu mgeni safari nzima.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, "Mwalimu, mitambo hiyo haiharibiki ovyo. Waya wako wa klachi hukatika kila mara. Kompyuta inakaa miaka." Inawezekana kabisa ikawa kweli. Lakini hesabu ya msafiri ina sehemu mbili: chombo huharibika mara ngapi, na kikiharibika hukaa muda gani bila kutengenezwa. Wauzaji wanatusomea sehemu ya kwanza, ya pili wanairuka. Kitu kinachoharibika mara kumi na kutengenezwa mara kumi kwa saa moja moja kimekupotezea saa kumi. Kitu kinachoharibika mara moja na kukaa miezi mitatu kikisubiri kifaa kutoka ng'ambo kimekula msimu mzima wa kahawa. Mtoto aliyewahi kukaa mbele yangu darasani hawezi kushindwa kuona jumla ipi ni kubwa.

Wala si nadharia. Wilaya yetu imeliona somo hili kwa macho. Mwaka 1994 walipoingia wakimbizi kutoka Rwanda, mashirika mengi yalikuja na magari, jenereta na pampu za kila aina, nao walifanya kazi kubwa ya kuokoa watu. Wakimbizi waliporejeshwa kwao Desemba 1996, mashirika yakafunga virago, na baadhi ya mashine zikabaki kwetu kama zawadi. Nilikuwa na jenereta moja ya namna hiyo shuleni. Ilikuwa nzima kwa sura, ya bei kubwa, na ilikosa kidude kimoja ambacho hakikupatikana Bukoba wala Mwanza. Tuliifunika kwa turubai. Kuku walitotoa vifaranga ndani yake vizazi viwili. Wakati huohuo taa ya chemli iliyokuwa na utambi wa shilingi chache ilimulika wanafunzi wa darasa la saba mpaka wakafaulu. Zawadi usiyoweza kuitengeneza ni deni lililofungwa kwa utepe.

Sasa nigeuke kwa upande mwingine, kwa watetezi wa klachi wanaoniaibisha. Wapo wanaume wanaosema klachi ndiyo uanaume, na kwamba pikipiki inayojibadilishia gia ni ya wanawake na vikongwe. Hao siko pamoja nao hata kidogo. Wauguzi wanawake wamepanda vilima vya Karagwe na Kyerwa kwa pikipiki zenye klachi, usiku, mvua ikinyesha, wakiwa na sanduku la chanjo nyuma, huku wale mabingwa wa uanaume wamelala. Na mimi mwenyewe, katika umri huu wa sabini na kitu, vidole vya mkono wangu wa kushoto vinakataa kujikunja asubuhi za baridi. Siku vitakapokataa kabisa nitatafuta pikipiki isiyo na mkono wa klachi, ya vyuma, ya ukoo ule wa 1958, na sitamwomba mtu radhi. Klachi ni kifaa. Anayeigeuza kuwa ndevu amekosa la kujivunia.

Na kama mtu anataka ushahidi kwamba hata wavumbuzi hawajamaliza ubishi wao, atazame walichofanya Honda mwaka 2023. Kampuni ileile iliyokuja na klachi mbili ilitangaza mtambo mwingine ambao kompyuta inaendesha klachi, lakini mkono wa klachi umeachwa mahali pake. Mwendeshaji akiona kompyuta inakosea, au akitaka tu, anavuta mkono na uamuzi unarudi kiganjani mwake. Naona hapo busara. Walitambua kwamba msaada mwema ni ule unaoweza kuuambia, "Asante, sasa niachie mwenyewe." Uingereza nako, mtu akifanya mtihani wa udereva kwa pikipiki isiyo na klachi, leseni yake haimruhusu kuendesha yenye klachi. Aliyejifunza klachi anaruhusiwa zote mbili. Serikali ile imeona wazi nani kati yao amejifunza zaidi.

Nitaulizwa pia juu ya pikipiki za umeme, kwa sababu ziko karibu nasi sana. Ng'ambo ya mto, Rwanda, kampuni ya Ampersand ilianza kuziingiza barabarani Kigali mwaka 2019, na dereva akiishiwa chaji anaingia kituoni, anabadilishiwa betri, anaondoka. Pikipiki hizo hazina klachi wala gia, maana mota ya umeme huvuta kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo haina haja ya mpatanishi. Je, hapo hoja yangu imekufa? Haijafa. Pikipiki iliyopunguziwa vitu imerahisishwa. Pikipiki ya klachi ya kompyuta haikupunguziwa kitu: gia zote zimo, klachi zimo, tena pengine mbili, na juu yake zimeongezwa mota, vihisio na kompyuta za kuviendesha. Hata hivyo nazo za umeme nitaziuliza swali lilelile. Zikifika Kituntu, nani atazifungua? Kituo cha betri kiko wapi? Zikijibu vizuri, nitazipokea kwa mikono miwili, hata huo wa kushoto.

Sababu ya mimi kuling'ang'ania swali hili si pikipiki peke yake. Sisi walimu wa kizazi cha Elimu kwa Wote, tuliotoka vyuoni miaka ile ya 1970 na kukabidhiwa madarasa yenye watoto mia moja chini ya miembe, tuliambiwa tuwafundishe watoto kujitegemea. Wengi tulilielewa neno hilo kama jembe na bustani ya shule. Baadaye niliona kwamba kujitegemea kulikuwa kunafanyika hasa pale ambapo hatukupaangalia, kwenye kibanda cha fundi. Kijana aliyeacha shule darasa la tano anafungua injini, anauliza kwa nini hii inagusa ile, anajaribu, anashindwa, anajaribu tena. Hiyo ni fizikia. Klachi ni ukurasa mmoja wa kitabu chake. Ukimletea chombo ambacho kinasema "usiguse, pigia kampuni," umemnyang'anya kitabu, na umemgeuza kutoka fundi kuwa mpiga simu.

Kwa hiyo simwambii mtu yeyote azuie dunia isiende. Nawaambia walio na sauti wafanye kazi yao. Vyuo vya ufundi vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, viwafundishe vijana kusoma kompyuta za pikipiki kama vinavyowafundisha kuchomelea. Waingizaji wa pikipiki walete vitabu vya matengenezo kwa Kiswahili, na vifaa vya kupimia ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvinunua. Ofisi zinazogawa pikipiki kwa Maafisa Elimu Kata na kwa zahanati zisiangalie picha iliyong'aa kwenye karatasi; zimwulize fundi wa kata kabla ya kusaini. Siku fundi wetu atakapoikabili ile taa ya njano bila kufuta mikono mikavu, nitakuwa wa kwanza kuufuta ubishi huu.

Mpaka siku hiyo, kijana anayetaka kununua chombo cha safari aulize maswali matatu dukani, kwa adabu lakini bila kuona haya. Nikiishiwa betri mlimani, nitafanya nini? Kikiharibika Kihanga saa mbili usiku, nani atakifungua? Kifaa chake kinapatikana wapi, na kwa siku ngapi? Akijibiwa yote matatu kwa majina ya mahali na watu anaowajua, anunue chochote anachopenda, hata chenye gia 7 zinazojibadilisha. Akijibiwa kwa tabasamu, arudi nyumbani na klachi yake, na hapo kijiweni tuache kumcheka.